Ukiishitaki Leta (serikali) ukashinda, nani alipe gharama? Mwongozo kwa watu wa Lubumbashi

Mama mmoja wa Katuba alinijia na bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni. Ndani mlikuwa na hukumu iliyofuta uamuzi wa komini (manispaa) yake wa kumfungia kibanda. Alikuwa ameshinda, na kibanda kilikuwa kimeshafunguliwa. Akaimwaga bahasha yote mezani, akaniuliza: "Baba, makuta yangu iko wapi?"

Nilitafuta risiti. Zilikuwa mbili tu: moja ya grefi, ofisi ya karani wa mahakama, nyingine ya fotokopi. Avoka, wakili wake, alilipwa mkono kwa mkono mara nne, wisie anayepeleka karatasi za mahakama alilipwa barabarani, na siku ambazo hakuuza kitu hazikuandikwa popote. Hukumu ilisema komini ibebe "les frais", gharama. Neno hilo moja lilikuwa limebeba sehemu ndogo sana ya makuta aliyotoa mfukoni, na hata sehemu hiyo hakujua aidai kwa nani.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya watu kama yeye. Anayengoja siku ya hukumu ndipo aanze kufikiria gharama amechelewa. Agizo la gharama dhidi ya Leta, Provensi, Mji au komini huanza kutengenezwa siku unayopeleka barua ya kwanza.

Tenganisha makuta ya aina tatu

Aina ya kwanza ni zile ambazo mahakama inaziita *frais et dépens*. Ni gharama za kesi yenyewe: kuandikisha kesi grefi, nakala za makaratasi, kazi ya wisie ya kupeleka wito na baadaye hukumu, na malipo ya mtaalamu kama mahakama ilimtuma kupima au kukagua. Hukumu inaposema "frais" inamaanisha hizi tu.

Ya pili ni *honoraires*, malipo ya avoka wako. Kwa desturi ya mahakama zetu, haya hayamo ndani ya dépens. Watu wengi hudanganyika hapa, na wakati mwingine hata avoka kijana anawadanganya bila kujua, kwa sababu vitabu vingi vinavyosomwa fakilte ni vya Ufaransa. Kule kifungu L. 761-1 cha kanuni ya mahakama za utawala kinamruhusu jaji kuitoza serikali iliyoshindwa kiasi fulani kwa gharama zisizo dépens, akiangalia haki na uwezo wa aliyeshindwa. Kwetu usitegemee kifungu hicho. Malipo ya avoka utayadai kwa mlango mwingine, ule wa fidia.

Aina ya tatu ni hasara yako: siku za kazi zilizopotea, nauli, bidhaa zilizooza ndani ya kibanda kilichofungwa. Hizi nazo huingia kwa mlango wa fidia, yaani *dommages-intérêts*, chini ya kifungu cha 258 cha Kitabu cha tatu cha Code civil. Kifungu hicho kinasema anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake lazima airekebishe, na Leta haikutolewa katika kanuni hiyo.

Kwa hiyo nunua daftari dogo na ugawe kurasa zake katika sehemu hizo tatu. Kila makuta yanayotoka, andika siku, kiasi, na aliyepokea. Avoka akipokea pesa, mwombe *reçu* yenye jina la kesi. Usione haya. Mwambie tu: "Metre, karatasi hii ndiyo itakayotusaidia kudai." Avoka mwema ataiandika hapo hapo.

Umshitaki aliye na mfuko

Agizo la gharama linamfunga yule tu aliyetajwa kama mshitakiwa, na ni lazima awe na utu wa kisheria. Katiba ya 18 Februari 2006 inaipa kila provensi utu wake (kifungu cha 2), na vilevile ville, komini, sekta na chefferie (kifungu cha 3). Kartie (mtaa) haina. Nimeona ombi lililoandikwa dhidi ya "chef de quartier" peke yake. Hata lingefaulu, gharama zingedaiwa kwa mtu asiye na bajeti wala hazina.

Uliza hivi: karatasi iliyokuumiza imetiwa sahihi na nani, na alitia sahihi kwa jina la nani? Ikiwa ni bourgmestre (mkuu wa komini) wa Kampemba au Ruashi, mshitakiwa ni komini. Ikiwa ni meya, ni Mji wa Lubumbashi. Ikiwa ni gavana au waziri wa provensi, andika "Province du Haut-Katanga, prise en la personne de son Gouverneur". Huduma za serikali kuu zilizoko hapa kwetu, hata kama biro yake iko hatua chache kutoka nyumbani kwako, zinabeba jina la République.

Kutoka hapo ndipo unajua mahakama. Kifungu cha 154 cha Katiba kiliweka mahakama za utawala zinazosimama peke yake, na sheria ya 16/027 ya 15 Oktoba 2016 ikazipanga. Matendo ya ville na komini yanakwenda kwa tribunal administratif, ya provensi kwa cour administrative d'appel, na ya serikali kuu kwa Conseil d'État huko Kinshasa. Pale ambapo mahakama hizo mpya hazijawekwa, kazi yao inashikwa na *section administrative* ya cour d'appel. Kwa mtu wa Lubumbashi, basi, maadamu hazijawekwa, mlango wa kugonga ni grefi ya Cour d'appel ya Haut-Katanga.

Angalizo moja kabla ya kuendelea. Ugomvi juu ya certificat d'enregistrement, hati ya kumiliki kiwanja, ya parsela mara nyingi una njia yake kwenye tribunal de grande instance. Ukiupeleka mahakama ya utawala, unaweza kuambiwa siyo mahala pake, na gharama zote zikabaki juu yako. Mwonyeshe avoka hati yenyewe kabla ya kulipa chochote.

Barua ya kwanza, na muhuri wake

Huwezi kukimbilia mahakamani moja kwa moja kuomba uamuzi ufutwe. Kwanza umwandikie yule aliyeuchukua umwombe aubadili au auondoe. Barua hiyo inaitwa *réclamation préalable*, na lazima ipelekwe ndani ya miezi mitatu tangu uamuzi ulipotangazwa au ulipopewa. Miezi mitatu ikipita, kesi ya kufuta uamuzi imekufa hata kama una haki wazi kama mchana.

Wengi huiona barua hii kama kikwazo. Mimi naipenda, kwa sababu ndiyo msingi wa gharama. Inaonyesha kwamba uliwapa nafasi ya kurekebisha kosa lao bure, bila avoka, bila wisie, bila kumsumbua jaji, wakakataa au wakanyamaza. Basi iandike ukifikiria jaji atakayeisoma mwaka ujao. Taja uamuzi kwa namba na tarehe yake. Sema kifungu gani kimevunjwa, au sema wazi kwamba hukuitwa kusikilizwa. Taja hasara inayoendelea kila siku, kwa kiasi. Halafu malizia kwa sentensi hii kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha ya faili:

*"À défaut d'une suite favorable, je me verrai contraint de saisir la juridiction compétente, tous frais à votre charge."*

Maana yake: nisipojibiwa vema nitalazimika kwenda mahakamani, gharama zote juu yenu. Sentensi hiyo haimlazimishi mtu. Inaacha alama tu kwamba mamlaka ilijua kesi inakuja na gharama zitakuja nayo.

Sasa muhuri. Nilimsindikiza mzee mmoja kupeleka barua yake kwenye biro ya komini moja hapa mjini. Sekretari alikuwa na adabu nzuri. "Mzee, weka barua hapo, bourgmestre ataiona." Mzee akaiweka, akageuka kutoka. Nikamshika mkono, tukarudi, tukaomba kashe, yaani muhuri, juu ya nakala yetu. Sekretari akasema kashe iko kwa bosi, na bosi katoka. Tuliketi kwenye benchi la ubao saa mbili na nusu. Kashe ikapatikana, na tarehe ikaandikwa kwa bic ya bluu chini yake. Miezi mingi baadaye avoka wa komini alisema mbele ya jaji kwamba hawakuwahi kupokea réclamation yoyote. Ile bic ya bluu ilimaliza mjadala.

Wakikataa kabisa kutia muhuri, usigombane. Nenda kwa wisie apeleke barua rasmi na kuandika karatasi yake ya ushahidi. Utalipa, na malipo hayo yanaingia kwenye daftari. Mamlaka ikinyamaza hadi muda wa sheria ukaisha, kimya chake kinahesabika kuwa kukataa, na saa ya kupeleka ombi mahakamani inaanza kwenda. Tangu siku ya muhuri, avoka wako awe anahesabu siku.

Kulipa mlangoni, au kusamehewa

Grefi itakuomba kuweka pesa kabla kesi haijaanza kutembea. Ni *consignation*, akiba ya kulipia gharama za kesi. Pesa za mahakama zina njia yake ya kulipwa, na malipo yanayokwenda kwa hazina ya Leta hufuata karatasi ya *note de perception* ya DGRAD, idara ya mapato ya Leta, kisha benki. Anayekuambia "nipe hapa nitakusaidia" hakupi karatasi, na makuta yasiyo na karatasi hayarudi.

Mwombe pia grefie akuandikie consignation kando na malipo mengine. Akiba hiyo ikibaki bila kutumika yote, salio ni lako, ulidai kesi itakapofungwa.

Kama huna uwezo, tafuta *attestation d'indigence*, karatasi ya kuthibitisha kwamba huna uwezo, na uombe msamaha wa consignation kwa barua kwa mkuu wa mahakama. Barreau, chama cha maavoka, nayo ina biro ya mashauri ya bure, *Bureau de consultations gratuites*, iliyowekwa na sheria ya barreau ya 28 Septemba 1979. Hapo unaweza kupangiwa avoka.

Maneno ya kuweka ndani ya ombi

Jaji hatakupa fidia ambayo hukuomba. Mama wa Katuba aliomba uamuzi ufutwe, basi, na ndicho alichopewa. Kumbe angeweza kuomba kufutwa na fidia katika ombi hilo hilo moja.

Maombi hukaa mwisho wa requête, karatasi ya ombi lako, baada ya maneno *"Par ces motifs"*. Soma ukurasa huo pamoja na avoka kabla hajautia sahihi, na hakikisha kuna mambo manne: ombi lipokelewe, uamuzi namba fulani ufutwe, mshitakiwa alipe fidia, mshitakiwa abebe gharama za kesi. La mwisho liandikwe kwa kumtaja:

*"Condamner la Commune de … aux frais et dépens de l'instance."*

Kuhusu fidia, jihadhari na desturi moja ya mahakama zetu. Maavoka hupenda kuandika kiasi kikubwa cha duara, "tous préjudices confondus", hasara zote zikiwa zimechanganywa. Jaji akiona hivyo, na hana cha kupimia, atakata kiasi kwa busara yake, *ex aequo et bono*, na mara nyingi kinakuwa kidogo. Wewe vunja hesabu. Mstari mmoja mauzo yaliyopotea, pamoja na idadi ya siku na wastani wa siku moja. Mstari mwingine bidhaa zilizoharibika. Mwingine malipo ya avoka, ukieleza kwamba hukuwa na njia nyingine ya kurudisha haki yako ila kumlipa mtu akutetee, na kwamba gharama hiyo imetokana moja kwa moja na uamuzi mbovu. Chini ya kila mstari weka namba ya kiambatisho.

Mama yule alikuwa na kikaratasi cha mauzo ya kila siku, cha mkono wake, kilichofungwa kwa kamba ya raba. Hakumwonyesha mtu, alidhani ni upuuzi. Kikaratasi kile kingekuwa kiambatisho namba moja.

Wakiondoa uamuzi kesi ikiwa katikati

Sehemu hii isome mara mbili, kwa maana hapa ndipo watu wengi hupoteza kila kitu.

Kesi inatembea. Avoka wa komini anaona wataaibika. Siku moja bourgmestre anatia sahihi karatasi ya kuondoa uamuzi wake, na mtu anakuja nyumbani kwako jioni na uso wa tabasamu: "Mama, mambo yamekwisha. Fungua kibanda. Njoo kesho utie sahihi tu." Karatasi anayokuletea ni *désistement*, tamko la kuacha kesi. Ukitia sahihi bila masharti, wewe ndiye unaonekana umeacha, na kwa kawaida anayeacha kesi ndiye anabaki na gharama zake.

Usitie sahihi. Shukuru, chukua nakala ya karatasi ya kuondoa uamuzi, mpelekee avoka. Yeye aandike maneno ya namna nyingine: aiombe mahakama itambue kwamba ombi la kufuta limekosa kazi, kwa kuwa mshitakiwa mwenyewe ameuondoa uamuzi, na kwa sababu hiyo hiyo gharama ziwe juu yake.

*"Constater que le recours en annulation est devenu sans objet par le fait de la partie défenderesse, mettre les frais à sa charge, statuer sur les dommages-intérêts."*

Maneno *"par le fait de la partie défenderesse"* ndiyo yanayobeba uzito. Yanamwambia jaji kwamba hawakuondoa uamuzi kwa hiari walipopata barua yako, waliuondoa baada ya kushitakiwa. Weka karatasi mbili ubavu kwa ubavu: réclamation yenye muhuri, na uamuzi wa kuondoa wenye tarehe ya baadaye. Miezi iliyo katikati ya tarehe hizo mbili ndiyo hoja yako yote.

Kama mnataka kweli kupatana, na wakati mwingine ni busara, kiasi cha gharama kiandikwe ndani ya mapatano, na siku ya kulipa, kabla ya sahihi ya kuacha kesi. Katika jambo hili sijaona ahadi ya mdomo ya biro ikitimizwa.

Soma mstari wa mwisho wa hukumu

Hukumu ikitoka, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya uamuzi, *dispositif*. Gharama huandikwa kwa namna kadhaa, na kila moja ina maana yake.

*"Met les frais à charge de la Commune"* ni agizo unaloweza kudai nalo: komini ilipe. *"Laisse les frais à charge du Trésor"* maana yake gharama zinabaki juu ya hazina, na hapo jambo lako la kwanza ni kudai akiba yako grefi. *"Dit n'y avoir lieu à paiement de frais"* ni kwamba hakuna anayelipa gharama za mahakama. *"À charge des parties"* kwa nusu au theluthi hutokea ukishinda jambo moja na kushindwa jingine.

Kama uliomba gharama na hukumu haikusema lolote juu yake, ongea na avoka wiki hiyo hiyo, kwa sababu muda wa kulalamika unahesabika. Rufaa kutoka section administrative inakwenda Conseil d'État. Kinshasa ni mbali, tiketi ya ndege haimo ndani ya dépens, kwa hiyo pima kiasi unachokitafuta dhidi ya safari.

Halafu mwombe grefie *état des frais*, orodha ya gharama za kesi, ithibitishwe na jaji. Bila orodha hiyo neno "frais" ni tupu, halina kiasi. Na jua mapema kwamba fidia uliyopewa ina kodi yake, *droit proportionnel*, asilimia inayodaiwa na Leta ukiwa unachukua nakala ya kutekeleza hukumu. Watu hushtuka kwamba wanalipa kwanza kabla ya kulipwa.

Kulipwa na asiyekamatwa mali

Mtu wa kawaida akikataa kulipa, wisie anachukua gari lake. Gari la komini hawezi kulichukua. Mali ya Leta inayotumika kwa huduma ya watu iko nje ya biashara (kifungu cha 10 cha sheria ya 20 Julai 1973 juu ya mali na ardhi), na kifungu cha 30 cha Acte uniforme ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, juu ya kukusanya madeni kinazuia kukamata mali ya taasisi za umma. Nchi yetu iko ndani ya OHADA tangu 2012, na sheria hiyo ilirekebishwa 2023.

Lakini kifungu hicho hicho kimeacha dirisha: deni la taasisi ya umma lililo wazi, lenye kiasi kinachojulikana na muda wake umefika, linaweza kukatwa dhidi ya deni lako kwake. Kama komini inakudai kodi ya soko, na hukumu inasema komini inadaiwa na wewe, unaweza kuomba deni likutane na deni. Kwa mfanyabiashara hii ndiyo njia ya karibu zaidi. Ila usikate mwenyewe kwa kuacha tu kulipa kodi, utapigwa faini. Peleka kwanza barua ya kuomba *compensation*, pamoja na grosse, yaani nakala ya hukumu yenye maneno ya utekelezaji, na état des frais, na karatasi ya wisie inayoonyesha kwamba hukumu walishapewa.

Asiye na kodi ya kukatiwa atapita njia ya bajeti. Deni lisilo kwenye bajeti halilipwi, hata bourgmestre akiwa na moyo mzuri. Kwa provensi, kikao cha Septemba cha assemblée provinciale (bunge la provensi) ndicho cha bajeti, basi barua yako kwa gavana, nakala kwa waziri wa fedha wa provensi na kwa biro ya assemblée, ifike Juni au Julai wakati hesabu zinaandaliwa. Deni la serikali kuu linafuatwa Kinshasa, kwa wizara ya sheria na kwa DGDP, idara inayoshughulikia deni la Leta. Kila barua iwe na kashe juu ya nakala yako, kama ile ya kwanza.

Mama wa Katuba tuliandika naye barua ya kukatiwa deni la kodi ya kibanda chake. Aliipeleka mwenyewe, akabeba na kiti kidogo cha plastiki cha kukalia, akangoja muhuri.